Yen 300: Roboti Iliyookolewa na Hela za Mfukoni

Julai 1980, kampuni ya Bandai huko Japani ilitoa sanduku dogo lililouzwa yen 300. Ndani kulikuwa na vipande vya plastiki vikiwa bado vimeshikana kwenye fremu, gundi kidogo na karatasi ya maelekezo. Ukishavikata, kuvisugua na kuvigandisha, unapata roboti ya sentimita kumi na mbili na nusu, nyeupe tupu. Rangi ujipakie mwenyewe. Haitembei, haiwaki taa, haipigi kelele. Na kile kipindi cha TV ilikotoka kilikuwa kimeisha tangu Januari, tena kwa kukatizwa.

Muulize mwenye duka yeyote pale Nyamakima kama angeweka stoki ya kitu kama hicho. Atakuangalia tu. Lakini hadi leo zaidi ya sanduku milioni 700 za familia hiyo zimetoka kiwandani. Watu huziita Gunpla, yaani Gundam za plastiki. Ukitaka kuelewa ilikuwaje, wachana na roboti kwanza. Anza na bei.

Japani ya miaka ya sabini, katuni ya roboti ilikuwa kimsingi tangazo refu. Kampuni ya vidude vya watoto inalipia kipindi, roboti inapigana kila wiki, mtoto anamsumbua mamake, kidude kinanunuliwa. Mambo yameisha. Clover, kampuni iliyodhamini Mobile Suit Gundam, ilikuwa imeshafanya hivyo na mwongozaji Yoshiyuki Tomino kwenye Zambot 3 mwaka 1977 na Daitarn 3 mwaka uliofuata. Kwa hivyo Gundam ilipoanza tarehe 7 Aprili 1979, Clover ilitarajia hesabu ileile.

Tomino akaleta vita. Roboti zake zilikuwa silaha za jeshi, kama vifaru. Zinaishiwa risasi, zinavunjika, zinarudi gereji. Adui hakuwa jini kutoka sayari ya mbali, alikuwa binadamu mwenye serikali, cheo na hasira zake. Shujaa, Amuro Ray, ni kijana anayeingia ndani ya mashine kwa sababu vita vimemkuta nyumbani, na mara nyingi hataki kurudi humo. Clover walisisitiza roboti iwe na rangi kali zinazouza, ndiyo maana Gundam, mashine ya kijeshi, ina bluu, nyekundu na manjano kifuani kama bendera ya shule. Bado haikusaidia. Watazamaji walikuwa wachache, na vipindi 52 vilivyopangwa vikapunguzwa hadi 43. Tarehe 26 Januari 1980, kwisha.

Shida ni kwamba Clover walikuwa wanahesabu watu wasiofaa. Waliokipenda kipindi hawakuwa watoto wa miaka sita. Walikuwa wanafunzi wa sekondari, wa vyuo, wasichana wengi tu kati yao, watu walioandika barua na kuanzisha vikundi vya mashabiki. Hao hawakutaka kidude kinachong'aa. Walitaka kitu kinachofanana na kile walichokiona kwenye skrini, na hawakuwa na hela nyingi.

Hapo ndipo Bandai wanaingia. Ili kuwaelewa lazima tupitie Shizuoka, mkoa wenye historia ndefu ya mafundi wa mbao. Tamiya, jina ambalo kila mpenda modeli analijua, ilianza huko mwaka 1946 kama biashara ya mbao, ikahamia kwenye modeli za mbao, kisha mwaka 1960 ikatoa modeli yake ya kwanza ya plastiki, ile manowari Yamato. Hasegawa, Aoshima na Fujimi nao wako mkoa huohuo. Mwaka 1969 kampuni nyingine ya huko, Imai, ilifilisika, na Bandai ikachukua kiwanda chake cha Shimizu pamoja na kalibu zake. Kwa hivyo roboti ya yen 300 ilizaliwa katika mji ambao tayari ulijua kutengeneza vitu vidogo kwa makini, na kwa kampuni iliyoingia kwenye kazi hiyo kupitia kilio cha mwenzake.

Kalibu ndiyo siri yote. Unachonga umbo la kila kipande kwenye chuma, unayeyusha plastiki, unaisukuma ndani kwa nguvu, inapoa, unafungua, unatoa. Kuchonga kalibu ni ghali mno. Lakini ikishakuwa tayari, sanduku la elfu kumi halikugharimu chochote cha kutisha. Maana yake ni kwamba bei ya chini ni kamari. Lazima uamini kuna umati unaosubiri hata kama takwimu za TV zinasema hakuna mtu. Bandai waliamini.

Kisha wakafanya jambo lingine la akili. Sanduku liliandikwa 1/144. Ndani ya hadithi Gundam ina urefu wa mita 18, gawanya kwa 144, unapata hizo sentimita kumi na mbili na nusu. Kipimo hicho kilikuwa kikitumika kwa modeli za ndege za kweli. Kwa kukiandika kwenye sanduku, Bandai walikuwa wanamwambia mnunuzi kwamba silaha hii ya kubuni inastahili heshima ileile ya ndege iliyowahi kuruka. Kwa kijana wa miaka kumi na tano aliyechoka kuambiwa anapenda vitu vya watoto, hiyo si kitu kidogo.

Halafu kuna Zaku, roboti ya kijani ya jeshi la adui. Katika katuni za awali, shujaa ni mmoja na adui anabadilika kila wiki, kwa hivyo unanunua kidude kimoja, basi. Zaku ilikuwa mashine ya kiwandani, ziko nyingi na zote zinafanana. Ukiwa na yen 900, una kikosi cha Zaku watatu. Hebu fikiria: hadithi kuhusu silaha zinazotengenezwa kwa wingi ikauzwa kwa vitu vinavyotengenezwa kwa wingi, na hakuna aliyeona ajabu.

Marudio ya kipindi yakavuta watu wapya. Februari 1981 maelfu ya vijana walijazana Shinjuku, Tokyo, kwenye mkutano wa kutangaza filamu ya kwanza ya Gundam. Jarida la Hobby Japan likaanza kuonyesha namna ya kuifanya roboti ionekane imetoka vitani: kutu kwenye viungo, matope miguuni, alama za risasi kifuani. Kwa sababu sanduku lilikuja bila rangi na likiwa na mapungufu kibao, kila aliyejenga alilazimika kuamua mambo yake. Gundam mbili za mtaa mmoja hazikufanana.

Lakini tusiifanye hadithi tamu kuliko ilivyokuwa. Sanduku ziliadimika. Kuna maduka yaliyowalazimisha watoto kununua modeli iliyododa ndipo wauziwe Gundam. Na Januari 1982, katika duka la Daiei huko Shin-Matsudo, mkoa wa Chiba, watoto waliokuwa wakikimbilia Gunpla walianguka kwenye ngazi ya umeme, wakalaliana, kadhaa wakaumia. Kitu cha yen 300 kilikuwa kimefikisha watoto mahali pa kukanyagana. Clover nao, waliolipia kipindi tangu mwanzo, walifilisika mwaka 1983. Aliyepanda siye aliyevuna.

Kilichofuata ni hadithi ya mafundi. Mwaka 1990 kukaja High Grade, ambapo fremu moja ilitoka kiwandani ikiwa na plastiki ya rangi tofauti, na vipande vikajibana bila gundi. Mwaka 1995 kukaja Master Grade, yenye mifupa ya ndani. Mwaka 2020 wakarudi walikoanzia: Entry Grade, sanduku la yen 700 ambalo unatoa vipande kwa vidole, huhitaji koleo wala rangi. Wazee wa gundi walinung'unika kwamba sasa imekuwa rahisi mno. Mimi siungani nao. Aliyetaka kuteseka na rangi bado anaruhusiwa. Yule aliyekosa hela ya koleo ndiye aliyefunguliwa mlango.

Mlango huo hata hivyo haukufunguliwa kwa wote. Korea Kusini burudani ya Japani ilizuiwa rasmi kwa miongo mingi, hadi vikwazo vilipoanza kulegezwa mwaka 1998. Lakini watoto wa huko wa miaka ya themanini walijenga Gundam za kunakiliwa, wengi bila kuwahi kuona kipindi chenyewe. Mikono yao iliijua roboti kabla macho hayajaijua hadithi. Sisi tuliokulia kwenye jezi feki na DVD za kuchoma hatuhitaji kufafanuliwa hilo.

Na Nairobi je? Ukitaka Gunpla ya kweli hapa, unaagiza mtandaoni au unamsubiri mtu anayesafiri. Weka usafiri, weka ushuru, na kitu kilichobuniwa ili mtoto akimudu kwa hela za mfukoni kimegeuka kuwa cha mtu mwenye mshahara. Plastiki ni ileile na kalibu ni ileile. Kilichopotea njiani ni ile bei, na bei ndiyo ilikuwa uvumbuzi wenyewe.

Ndiyo maana huwa nashangaa tukisema vijana wa hapa hawathamini hadithi za hapa. Wachoraji tunao. Waandishi tunao, wengine wanasoma ukurasa huu wakiwa na deni la M-Shwari. Watoto wenye mikono nao hatujakosa, kwa sababu nani hajaona gari la waya lenye usukani wa kukunja, magurudumu ya vifuniko vya soda na namba ya matatu ya mtaa? Hao watoto tayari wanajenga. Hakuna aliyewahi kuwachongea kalibu.

Mashabiki wa Gundam mwaka 1980 hawakuwa na nguvu ya kuamua kipindi gani kiendelee kwenye TV. Mkutano wa wadhamini hawakualikwa. Walichokuwa nacho ni sarafu tatu za yen mia mia, na kampuni moja iliyokubali kuweka mlango kwa urefu wa mfuko wao. Wakapita wote.