Mama Kevin wa Nsambya

Mama Kevin (28 Aprili 1875 – 17 Oktoba 1957), ambaye jina lake la kuzaliwa ni Teresa Kearney, alikuwa mtawa Mkatoliki kutoka Ireland. Alifanya utume Uganda kwa zaidi ya miaka 50 na kuanzisha mashirika mawili ya masista wa Kifransisko. Kagera nayo ina haki ya kumkumbuka, kwani misheni aliyoifikia Nsambya na misheni ya Kashozi, jirani na mji wa Bukoba, zilitokana na vita vilevile.

Vita hivyo ni vya Mengo, Januari 1892. Wakatoliki wa Buganda, walioitwa Bafalansa kwa kuwa mapadre wao walikuwa Wafaransa, walishindwa na Waprotestanti waliosaidiwa na bunduki za Mwingereza Kapteni Lugard. Askofu Jean-Joseph Hirth wa Mapadre Weupe alikimbilia upande wa Wahaya, uliokuwa chini ya Wajerumani, na mwaka huohuo misheni ya Kashozi ikaanza. Huko nyuma Buganda ilibidi watafutwe wamisionari Wakatoliki kutoka Uingereza, ili dini isiendelee kuhesabiwa kuwa ni chama cha taifa moja la Ulaya. Ndipo Mapadre wa Mill Hill wakafika mwaka 1895 chini ya Askofu Henry Hanlon, wakapewa kilima cha Nsambya. Hanlon aliona upesi kwamba mapadre peke yao hawatawafikia wanawake, akaomba masista.

Teresa alizaliwa karibu na Arklow, Wicklow. Baba yake alikwisha kufariki kabla hajazaliwa. Mama naye alipofariki, bibi yake akamlea. Alifundisha shule kwa muda mfupi, akaingia utawani Mill Hill, London, mwaka 1895, na miaka mitatu baadaye akachukua jina la Mary Kevin. Alikuwa ameomba kutumwa kwa Wamarekani weusi. Akapangiwa Uganda.

Masista sita walifika Nsambya tarehe 15 Januari 1903, wakati malale yakiangamiza watu kandokando ya Ziwa Viktoria. Ugonjwa huo uliua zaidi ya watu 200,000 upande wa Uganda. Sista Kevin alianza kutibu wagonjwa chini ya mwembe, na huduma hiyo ndiyo iliyokua hadi kuwa Hospitali ya Nsambya. Katika Vita Kuu vya Kwanza, vilivyopiganwa pia mpakani Kagera na kuufikia mji wa Bukoba Juni 1915, Nsambya ilipokea wapagazi wa jeshi, wale walioiachia Dar es Salaam jina la Kariakoo. Kwa kazi hiyo serikali ya Uingereza ilimtunukia nishani ya MBE mwaka 1918.

Lakini sifa yake kubwa iko kwa akina mama wajawazito. Aliwaona wakifa kwa uzazi, pamoja na watoto wao, na sheria ya Kanisa ya wakati ule ilikuwa inawazuia watawa kufanya kazi ya ukunga. Mtu mwingine angetii na kusikitika. Yeye alitii na kutafuta njia: alimpata Dakta Evelyn Connolly, mlei asiyefungwa na katazo hilo, na kwa msaada wake mafunzo ya wauguzi na wakunga wa Kiafrika yakaanzishwa Nsambya miaka ya mwanzo ya 1920. Hakuacha kuwasihi wakuu wa Kanisa. Roma ililegeza katazo hilo mwaka 1936, kwa masista wa misheni popote duniani.

Mwaka 1923 alianzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko kwa ajili ya wasichana wa Kiafrika, wanane wakiwa wa kwanza. Wapo walioona ni mapema mno. Kwake, msichana aliyeweza kusoma na kusali aliweza pia kuongoza shule na wodi, na shirika hilo, lenye makao Nkokonjeru, limeenea hadi Kenya na Tanzania. Kazi nyingine ni makambi ya wagonjwa wa ukoma ya Nyenga na Buluba, ya miaka ya 1930, na shule ya wasichana ya Namagunga, ya mwaka 1942. Mwaka 1952 masista wake wa Ulaya wakawa shirika linalojitegemea, Masista Wafransisko Wamisionari wa Afrika, naye akawa mkuu wake wa kwanza.

Alipostaafu mwaka 1955, akiwa na miaka 80, alipelekwa Boston, Marekani, akaendelea kuchangisha fedha kwa ajili ya misheni. Huko ndiko alikofia. Mwili wake ulipelekwa Ireland, lakini Wakatoliki wa Uganda waliomba arudishwe kwao, na Desemba 1957 akazikwa Nkokonjeru. Mchakato wa kumtangaza mtakatifu ulifunguliwa katika Jimbo la Lugazi mwaka 2016, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu.