Umeme na Mkono Uliopooza



Jirani yangu ni mzee mmoja aliyekuwa mkulima hodari. Alipatwa na kiharusi, na mkono wake wa kuume ukapooza. Siku moja alipita mchuuzi mwenye kijisanduku cha umeme, akawaambia wana wa mzee kwamba kitu hicho huponya kila namna ya kupooza kwa siku saba. Bei yake ilikuwa thamani ya ng'ombe wawili, na vijana walikuwa tayari kuwatoa. Jioni ile mzee akaja kwangu, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi, akaniuliza, "Mwalimu, wewe umesoma. Je, umeme waweza kunirudishia mkono huu, au nitapoteza ng'ombe na mkono pia?"

Swali hilo si la jana wala juzi. Napenda kuwaeleza jinsi wataalamu wa zamani walivyolijibu, maana katika habari zao mna jibu la mzee wetu.

Kabla watu hawajajua kuufanya umeme kwa mikono yao, waliujua kwa samaki. Wamisri wa kale walichora makaburini mwao samaki wa mto Nile ambaye amshikaye hupigwa na kishindo na kufa ganzi. Samaki wa jamii hiyo yumo hata katika Ziwa Tanganyika. Baharini yuko mwingine, wa jamii ya taa. Mganga wa Kirumi jina lake Scribonius Largus, aliyeandika kitabu cha dawa karibu na mwaka 47, aliagiza kwamba mtu mwenye jongo asimame ufukoni penye maji, amkanyage samaki huyo akingali hai, hata mguu ufe ganzi mpaka gotini. Lakini hiyo ilikuwa dawa ya kutuliza maumivu. Hapakuwa na aliyejua bado kwamba nguvu ile yaweza kukitikisa kiungo kilicholala.

Miaka mingi ikapita. Katika mwaka 1745 na 1746, huko Ujerumani na Uholanzi, ikapatikana chupa ya kioo iwezayo kuweka akiba ya umeme. Basi katika mji wa Geneva mwalimu mmoja, Jean Jallabert, akaanza kumtibu fundi wa makufuli aliyepooza mkono wa kuume. Akaona ajabu: cheche ilipogusa msuli, msuli ulijikunja wenyewe, pasipo nia ya mwenye mkono. Akaendelea siku baada ya siku, na mkono ukaanza kupata nguvu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1748, na habari zikaenea Ulaya yote. Wagonjwa wakajaa matumaini.

Baada ya hapo tunakutana na mtu mwaminifu, Benjamin Franklin wa Marekani. Watu waliopooza waliletwa kwake kutoka sehemu nyingi za Pennsylvania, naye akawapiga umeme wa chupa. Mwaka 1757 aliandika barua kueleza aliyoyaona. Alisema kwamba siku za kwanza wagonjwa walisikia joto katika kiungo, na kesho yake waliweza kukiinua zaidi kidogo. Hali ikaendelea hivyo mpaka siku ya tano. Kisha maendeleo yakasimama, wagonjwa wakakata tamaa, wakarudi makwao, na muda si muda wakawa kama walivyokuwa. Tena hakuficha shaka yake: hakujua ni kiasi gani cha nafuu ile kilitokana na umeme, na ni kiasi gani kilitokana na safari ya kila siku ya kuja nyumbani kwake, au na furaha ya kutumaini kupona. Akaongeza kwamba labda faida ingalidumu kama matibabu yangaliongozwa na mganga stadi pamoja na dawa zinazofaa. Kama angalitaka kujitafutia sifa, angaliandika habari za siku tano tu.

Wakati huo sababu ya msuli kujikunja haikuwa imejulikana. Katika mji wa Bologna, Italia, Luigi Galvani alifanya majaribio mengi kwa miguu ya chura. Aliitundika kwa ndoana za shaba, na ndoana zilipogusa chuma, miguu ikaruka. Mwaka 1791 akatangaza kwamba umeme umo ndani ya mnyama mwenyewe. Alessandro Volta akabisha, akisema umeme ule watoka katika madini mawili yanapogusana. Na kutokana na ubishi huo akatengeneza betri ya kwanza, mwaka 1800. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya kweli. Betri zetu zimetokana na kazi ya Volta; na neva, yaani mishipa ya fahamu, kweli hupeleka habari zake kwa nguvu ya umeme, kama Galvani alivyohisi.

Lakini kweli ikipata haraka huzaa upuzi. Mwaka 1803 mpwa wa Galvani, Giovanni Aldini, alitia umeme wa betri katika maiti ya mtu aliyenyongwa London kwa hukumu ya mauaji. Taya likatetemeka, jicho moja likafunguka, mkono ukainuka. Baadhi ya waliotazama wakadhani yu karibu kufufuka. Hakufufuka. Msuli huweza kuitikia umeme kwa muda kidogo hata baada ya uhai kutoka. Basi tushike jambo hili: msuli kucheza ni jambo moja, na mtu kupona ni jambo jingine. Katika karne hiyo wachuuzi waliuza mishipi ya umeme kwa maelfu, nao walilisahau jambo hilo kwa makusudi.

Aliyeifanya kazi hii kuwa elimu ni Guillaume Duchenne, aliyezaliwa mwaka 1806 katika mji wa Boulogne, pwani ya Ufaransa, katika ukoo wa mabaharia. Hakuwa na cheo katika hospitali kubwa za Paris. Alizunguka wodi kwa wodi na kisanduku chake, akitafuta wagonjwa wa kuchunguza. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday alikuwa ameonyesha jinsi sumaku na waya zinavyoweza kuzaa umeme, na Duchenne akatumia mashine iliyotokana na ugunduzi huo. Wengine kabla yake walichoma sindano mwilini. Yeye aliweka juu ya ngozi vishikizo vilivyoloweshwa maji, kwa kuwa ngozi kavu huzuia umeme. Hivyo aliweza kuamsha msuli mmoja peke yake bila kumtoboa mgonjwa. Akaandika kazi ya kila msuli, na kitabu chake kikatoka mwaka 1855. Kisha Wajerumani Robert Remak na Hugo von Ziemssen wakaonyesha kwamba mahali pazuri pa kugusa ni pale neva iingiapo msulini.

Natuchukue mfano ili tuelewe. Ubongo ni kama liwali atoaye amri. Neva ni njia ya tarishi. Misuli ni watu wa shambani. Katika kiharusi, nyumba ya liwali imeharibika, bali njia i salama na watu wako tayari. Mashine ni kama mtu asimamaye katikati ya njia, akatoa amri mahali pa liwali. Mapigo mafupi 1 au 2 kwa sekunde huurusha msuli tu. Yakifika 30 hadi 50 kwa sekunde, msuli hukaza bila kuachia. Lakini kama neva yenyewe imekatwa, njia imevunjika. Msuli hautaitikia mapigo hayo mafupi, nao hukonda. Kwa hiyo tangu zamani umeme umetumika pia kutambua ugonjwa uko wapi.

Mwaka 1961 Liberson na wenzake huko Marekani walieleza chombo kwa ajili ya watu ambao kiharusi kimewaachia mguu unaoburuta vidole. Swichi iliwekwa ndani ya kiatu, chini ya kisigino. Kila kisigino kilipoinuka, umeme uliamsha neva ya mguu, na wayo ukanyanyuka. Siku hizi wataalamu wa mazoezi ya viungo hutumia mashine za jamii hiyo kwa wenye kiharusi, na kwa waliopasuliwa goti ambao msuli wa paja umelegea.

Hata hivyo chombo hiki kina mipaka yake. Msuli uamriwao na mashine huchoka upesi kuliko uamriwao na ubongo. Mwenye chombo cha kuendesha moyo kifuani asiitumie bila ruhusa ya daktari. Haiwekwi mbele ya shingo, wala tumboni kwa mwanamke mwenye mimba. Na umeme wa taa za nyumbani usithubutu mtu kuujaribu mwilini kamwe, maana huua.

Nilimweleza mzee mambo haya, nikamwambia, "Baba, ng'ombe wasitoke zizini kwanza." Tukaenda hospitali. Mtaalamu akambandika vipande viwili juu ya mkono, akafungua mashine taratibu, na vidole vilivyokuwa vimefumba kwa miezi vikafunguka mbele ya macho yetu. Mzee akatokwa na machozi, akasema, "Nimepona!" Mtaalamu akajibu, "Bado, mzee. Hiyo imefungua mashine. Sasa kila ifunguapo, na wewe fungua pamoja nayo kwa nia yako yote, ili ubongo wako ujifunze tena."

Akaenda mara tatu kila juma, na nyumbani akafanya mazoezi na mjukuu wake. Siku saba zikapita bila badiliko; baada ya miezi mitano aliweza kushika kikombe. Vifungo vya shati bado hufungiwa na mkewe, na jembe halishiki, wala mtaalamu hakumwahidi kwamba atalishika. Ng'ombe wangali zizini.