Siku Jimbo la Alabama Liliposhangilia kwa Sauti Moja

Msomaji, bila shaka umepata kusimama kando ya uwanja siku ya mchezo, ukaona jinsi watu wawili walio marafiki wakubwa wanavyogeuka kuwa mahasimu kwa muda wa saa moja na nusu. Pengine umeona pia jambo la kinyume: mahasimu wa jana wakikumbatiana leo, kwa sababu timu moja imekwenda mbali kucheza kwa niaba yao wote. Mambo haya mawili ni mapacha, na yafaa kuyachunguza pamoja. Nataka nikupeleke katika nchi ya Marekani, kwenye jimbo la Alabama, tutazame jinsi mchezo ulivyowaunganisha watu waliokuwa hawasemezani. Kisha tuulize swali ambalo washangiliaji wa siku ile hawakuliuliza.

Kwanza yakupasa kuujua mchezo wenyewe. Mpira wa Kimarekani si kandanda tuijuayo sisi. Mpira wake umechongoka pande zote mbili mfano wa yai, na wachezaji kumi na mmoja wa kila upande huubeba mikononi, huutupa, na mara chache huupiga teke. Anayefanikiwa kuufikisha ng'ambo ya mstari wa mwisho wa adui huipatia timu yake pointi sita, na baada ya hapo hupewa nafasi ya kupiga teke kati ya milingoti ili kuongeza pointi moja. Ishike vema hesabu hiyo, maana tutaihitaji. Mchezo huu ulikulia katika vyuo vikuu, wala si katika vilabu vya mijini. Ndiyo maana katika majimbo mengi ya Marekani timu ya chuo hupendwa hata na mkulima ambaye hakupata kuingia darasani mwake.

Alabama ina vyuo viwili vilivyogombea heshima ya mchezo huu tangu zamani. Kimoja ni Chuo Kikuu cha Alabama, katika mji wa Tuscaloosa, kilichofungua milango yake mwaka 1831. Cha pili kipo katika mji wa Auburn, upande wa mashariki, nacho kwa miaka mingi kilikuwa chuo cha kilimo na ufundi. Watu walizoea kusema kwamba Tuscaloosa ni kwa watoto wa mawakili na mabwana wa mashamba, na Auburn ni kwa watoto wa wakulima wa kawaida. Vyuo hivi viligombea fedha za serikali ya jimbo, vikagombea wanafunzi, na tangu mwaka 1893 vikagombea ushindi uwanjani.

Mwaka 1907 timu hizo mbili zilikwenda sare, pointi 6 kwa 6. Baada ya mchezo huo wakuu wa vyuo walishindwa kukubaliana juu ya mapatano ya mwaka uliofuata. Walibishana juu ya fedha za posho ya wachezaji, juu ya idadi ya wachezaji wa kusafiri, na juu ya mahali pa kumtoa mwamuzi. Naam, kwa mambo madogo kama hayo, vyuo viwili vya jimbo moja viliacha kuchezeana kwa miaka arobaini na mmoja. Wahenga walisema, ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Lakini ndugu hawa walimaliza misimu mingi ya kulima na kuvuna bila ya kupatana.

Ndani ya miaka hiyo ya kununiana ndipo lilipotokea jambo ninalotaka kukusimulia. Katika msimu wa mwaka 1925 timu ya Chuo Kikuu cha Alabama, chini ya mwalimu wake Wallace Wade, ilicheza michezo tisa ikashinda yote tisa. Katika michezo hiyo yote wapinzani wake walipata pointi 7 tu. Hata hivyo watu wa kaskazini na magharibi mwa Marekani hawakuyajali sana mambo hayo. Kwao, mpira wa kusini ulikuwa mpira wa wanyonge.

Dharau hiyo haikuwa ya mpira peke yake. Kusini kulikuwa kumeshindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865, vita ambavyo majimbo ya kusini yaliviingia ili kuulinda utumwa. Miaka sitini baadaye nchi hiyo ilikuwa bado maskini. Mdudu mharibifu wa pamba alikuwa ameingia Alabama mnamo mwaka 1910 akaliangamiza zao lililokuwa tegemeo la jimbo. Na mwaka huo huo wa 1925, katika jimbo jirani la Tennessee, mwalimu mmoja alishitakiwa kwa kufundisha kwamba binadamu ametokana na viumbe vya chini, na magazeti ya kaskazini yakawacheka watu wa kusini kuwa ni wajinga wasioijua dunia. Basi wazungu wa Alabama walikuwa na kiu ya jambo lolote litakalowapa sababu ya kuinua vichwa.

Kila siku ya mwaka mpya hufanyika huko Pasadena, California, mchezo mkubwa uitwao Rose Bowl. Zamani hizo ulikuwa ndio mchezo wa pekee wa aina yake, na hapakuwa na timu ya kusini ya namna hii iliyopata kualikwa. Safari hii vyuo vingine vilikuwa vimekataa mwaliko, na ndipo Alabama ikaitwa, ikapambane na Chuo Kikuu cha Washington kutoka pwani ya magharibi. Vijana wa Tuscaloosa walipanda gari moshi, wakasafiri kwa siku kadhaa wakivuka jangwa na milima hadi bahari ya Pasifiki. Walipokuwa njiani magazeti ya kusini yaliacha kuwaita vijana wa chuo fulani, yakaanza kuwaita watetezi wa heshima ya nchi yote ya kusini. Hata mkuu wa chuo cha Auburn, Spright Dowell, aliwapelekea telegramu ya kuwatakia heri. Fikiri, msomaji: chuo ambacho kwa miaka kumi na minane hakikukubali kucheza nao sasa kilikuwa kinawaombea ushindi.

Tarehe 1 Januari mwaka 1926 mchezo ulianza, na ulianza vibaya. Washington walikuwa na mchezaji hodari sana aitwaye George Wilson, ambaye hakuzuilika. Hadi mapumziko Washington walikuwa mbele kwa pointi 12 kwa 0. Lakini mara zote mbili walipovuka mstari walishindwa kuongeza ile pointi moja ya teke. Ndipo bahati ikageuka. Wilson alikuwa ameumia akatolewa nje, na katika robo ya tatu, kwa muda wa dakika chache, Alabama walivuka mstari mara tatu. Pooley Hubert aliupenya ukuta wa adui akiwa na mpira mkononi. Kisha Johnny Mack Brown, kijana mwenye mbio ambaye baadaye alikuwa mchezaji wa filamu, aliudaka mpira mara mbili uliotupwa mbali akakimbia nao hadi mwisho. Pointi zikawa 20 kwa 12. Wilson alirudi, na Washington wakapata pointi saba nyingine. Mchezo ulikwisha kwa 20 kwa 19. Sasa unaona kwa nini nilikuambia uishike ile hesabu ya pointi moja.

Huko Alabama watu walikuwa wamekusanyika mijini wakisubiri habari zilizofika kwa telegramu, tendo baada ya tendo, zikisomwa kwa sauti. Habari ya mwisho ilipofika, walishangilia wa Tuscaloosa na wa Auburn pia. Gari moshi liliporudi lilipokewa kwa vifijo, hata katika mji wa New Orleans ulio katika jimbo la Louisiana. Tuscaloosa maduka yalifungwa, wachezaji wakaandamana na umati wa watu. Siku hiyo hapakuwa na mtoto wa wakili wala mtoto wa mkulima. Wote walikuwa watu wa Alabama.

Wote? Hapa ndipo lilipo swali langu, nami nakuomba usiliruke kwa haraka.

Katika miaka hiyo, karibu watu wanne katika kila watu kumi wa Alabama walikuwa watu weusi. Katiba ya jimbo ya mwaka 1901 ilikuwa imewanyang'anya walio wengi haki ya kupiga kura. Hakuna kijana mweusi aliyeruhusiwa kusoma katika Chuo Kikuu cha Alabama, wala Auburn, sembuse kuvaa jezi ya timu. Na si kwamba hawakujua kucheza. Katika jimbo hilo hilo, mwendo mfupi kutoka Auburn, kiko chuo cha Tuskegee kilichojengwa na Booker T. Washington. Katika miaka hiyo hiyo timu ya Tuskegee, chini ya mwalimu wake Cleve Abbott, ilikuwa bingwa miongoni mwa vyuo vya watu weusi vya Marekani nzima. Basi Alabama ilikuwa na mabingwa wawili. Ushindi wa mmoja uliitwa ushindi wa jimbo. Ushindi wa mwingine uliachiwa wenyewe.

Tena, hata wale waliokumbatiana mwaka 1926 hawakukumbatiana kwa muda mrefu. Ugomvi wa Alabama na Auburn ulidumu miaka ishirini na miwili zaidi. Ilibidi baraza la kutunga sheria la jimbo liwahimize, na wakuu wa vyuo wakutane, hata wakapatana mwaka 1948. Asubuhi ya mchezo wao wa kwanza wawakilishi wa wanafunzi wa vyuo vyote viwili walichimba shimo katika bustani moja ya mji wa Birmingham wakafukia shoka, kuonyesha kwamba uhasama umezikwa. Nafurahi kukuambia kwamba wameendelea kuchezeana kila mwaka tangu hapo.

Lakini lile shoka la pili, la ubaguzi, lilikuwa bado mkononi. Mwaka 1956 Autherine Lucy, mwanamke mweusi, aliingia Chuo Kikuu cha Alabama kwa amri ya mahakama. Baada ya siku chache za masomo makundi ya watu yalifanya ghasia, na chuo kikamtoa yeye badala ya kuwatoa wenye ghasia. Tarehe 11 Juni mwaka 1963 gavana George Wallace alisimama mlangoni mwa chuo kuwazuia Vivian Malone na James Hood, hata serikali kuu ilipomlazimisha apishe. Vivian Malone alihitimu mwaka 1965. Uwanja wa mpira ulifuata nyuma ya darasa. Mwaka 1970 timu ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California ilikuja Birmingham, na kijana mweusi Sam Cunningham akawakimbia Alabama kwa yadi 135. Alabama walishindwa 42 kwa 21. Wako wasemao kwamba mchezo huo ndio uliofungua mlango, lakini kwa kweli Wilbur Jackson, kijana mweusi wa Alabama yenyewe, alikuwa amekwisha kuandikishwa na chuo kabla ya siku hiyo. Mwaka uliofuata, 1971, John Mitchell akawa mchezaji mweusi wa kwanza kuichezea timu ya Alabama. Ilikuwa imepita miaka arobaini na mitano tangu siku ile ya Pasadena.

Sasa nitakupa mfano mmoja wa karibu, upate kupima mwenyewe. Katika mji wa Auburn palikuwa na miti miwili mikubwa ya mialoni ambapo watu walikusanyika kushangilia kila waliposhinda. Baada ya Auburn kuishinda Alabama mwaka 2010, 28 kwa 27, shabiki mmoja wa Alabama aliimwagia miti hiyo sumu. Hata hivyo mashabiki wengine wa Alabama walichanga fedha kusaidia kuiokoa. Miezi michache tu baadaye, tarehe 27 Aprili mwaka 2011, kimbunga kikali kilipita Tuscaloosa kikabomoa nyumba na kuua watu. Wa kwanza kujikusanya kuleta misaada walikuwamo mashabiki wa Auburn, nao walikiita chama chao kwa jina la pembe ile ile ya mji palipotiwa miti sumu. Miti haikupona, ilikatwa mwaka 2013. Lakini maji na chakula vilivyopelekwa Tuscaloosa havikuulizwa ni vya nani, wala havikuchagua rangi ya mkono wa kuvipokea.

Linganisha, basi, siku hizo mbili. Ya mwaka 1926 ilikuwa na vifijo vingi zaidi, na furaha yake ilikuwa ya kweli, sitaki kuidharau. Watu waliodharauliwa waliinua vichwa, na waliokuwa hawasemezani walisemezana. Lakini umoja ule ulikuwa nyumba yenye sebule kubwa na mlango mmoja uliofungwa. Ya mwaka 2011 haikuwa na kikombe wala gwaride, na kila mtu aliingia.

Msomaji, siku timu yako itakaporudi na ushindi, na watu wote wa kwenu wakatoka barabarani kuimba, imba nawe kwa nguvu zako zote, maana furaha ya pamoja ni jambo jema. Ila wimbo ukiisha, tazama kulia na kushoto. Mtafute aliyebaki nje ya ua. Uliza ni nani aliyemfungia mlango, na kama ufunguo umo mfukoni mwako.