Mtungi Ulipokuwa na Masharti

Historia ya pombe mkoani Mara inafundisha jambo ambalo makemeo dhidi ya ulevi wa vijana hulisahau: kijana hulindwa na masharti ya jamii inayomzunguka, hata kilevi kikiwa karibu naye. Zamani, kwa Wazanaki wa Butiama na Waikizu wa Bunda, pombe ya ulezi na mtama haikuwa siri. Akina mama waliotesha kimea, wakakianika, wakakisaga, kisha wakapika kwa siku kadhaa. Akiba ya chakula ndiyo iliyoamua kiasi. Ilipoiva, wazee waliuzunguka mtungi. Mtoto aliiona na kuinusa, lakini zamu yake ya kunywa ilingoja rika lake, na wote waliokuwepo walimjua.

Fedha ndiyo iliyolegeza masharti hayo. Sangara walipotapakaa Ziwa Victoria katika miaka ya 1980, na viwanda vya minofu vikafunguliwa Musoma, kijana wa mwaloni alianza kushika ujira wa usiku mmoja bila mzee kujua. Gongo, iliyokuwa haramu kisheria, haikuhitaji mtungi wala kikao. Iliuzwa kwa kipimo, mafichoni. Baadaye vikaja viroba, pakiti za plastiki zilizotoshea mfuko wa sare ya shule, hadi Serikali ilipovipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017.

Atakayesema kwamba naipamba enzi ya wazee ana hoja. Nao walilewa, na utaratibu ule uliwatukuza wao huku jasho likiwa la wanawake. Sitaki urudi; nataka kanuni yake, kwamba kilevi kiwe na mahali, wakati na macho ya watu. Mwingine atasema mzigo ni wa mzazi. Ni kweli malezi yana nguvu, lakini mzazi hawezi kuwa nyumbani, mwaloni na kilabuni kwa wakati mmoja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe, na anayeweza kuitimiza kila siku ni muuzaji anayemjua mtoto huyo na baba yake. Naye mama anayepika pombe ili alipe mahitaji ya shule asifukuzwe tu. Apewe mtaji wa biashara nyingine. Serikali ya kijiji ikisimamia saa za vilabu na umbali wake kutoka shuleni, itakuwa imefanya kazi ambayo makemeo peke yake hayaiwezi.