Picha rejea na faru wa Dürer

Anayechonga kwa kompyuta, awe na Blender au ZBrush, haanzi na brashi. Kwanza hukusanya picha za kile anachotaka kukichonga, akazipanga pembeni mwa skrini au nyuma ya modeli. Hizo tunaziita picha rejea. Wapo wanaosema picha za mfano, au vielelezo. Mimi nashika rejea, kwa sababu mfano huigwa mara moja ukaachwa, na kielelezo humsaidia msomaji baada ya kazi kwisha. Rejea huirudia kila unapotia shaka, na mchongaji hutia shaka kila dakika.

Tuseme unachonga faru. Faru mweusi, kama wale wa Ngorongoro, ana mdomo wa juu uliochongoka, wa kuvutia matawi, na mgongo uliobonyea katikati. Mweupe ana mdomo mpana wa kulia nyasi, kichwa kirefu kinachoinamia chini, na nundu nyuma ya shingo. Okota haraka haraka picha chache za "faru" kwenye intaneti, utachanganya hao wawili, pengine na wa India mwenye pembe moja. Kila kiungo cha modeli yako kitakuwa sahihi kivyake, ila mnyama mwenyewe hayupo porini.

Ubaya wa rejea mbovu ni kwamba huzaa. Mwaka 1515 faru wa India alifikishwa Lisbon. Mchoraji Albrecht Dürer, akiwa Nuremberg, hakumwona. Alipata maelezo na mchoro wa mtu mwingine, akatengeneza picha ya kuchapa kwa ubao. Ngozi ikawa deraya ya askari, na juu ya mabega, karibu na shingo, kikaota kijipembe cha ziada. Wasanii wa Ulaya waliitumia picha hiyo kama rejea kwa zaidi ya miaka 200, na wengi wakakinakili kijipembe kile pamoja na mengine yote.

Picha ikishakuwa ya mnyama halisi, bado kuna suala la kamera. Katika Blender unabonyeza Shift na A, unachagua picha, unaileta kama rejea. Kitufe cha 1 upande wa namba hukuonyesha modeli kwa mbele, 3 kwa ubavu wa kulia. Kwa kawaida mionekano hiyo haina kina: kilicho mbali hakipungui ukubwa. Kamera haioni hivyo. Picha ya uso iliyopigwa karibu huikuza pembe na kuyadogosha masikio, na ukiifuatisha kingo kwa kingo, kichwa chako kitakuwa chembamba huku nyuma. Watu huilaumu lenzi, lakini kinachobadilisha uwiano ni umbali. Lenzi ndefu inakuwezesha tu kusimama mbali na bado ukaijaza fremu. Kwa faru, bahati nzuri, si wengi wanaotamani kumpiga picha wakiwa karibu.

Hata hivyo picha ya mbele na ya ubavuni mara nyingi si za mnyama mmoja, wala wanyama hao hawajasimama vilevile. Mimi huzitumia kupata umbo la jumla tu, kisha nazificha na kuizungusha modeli, nikitazama picha zilizopangwa kando. Hapo ndipo picha ya fuvu inapolipa kuliko zote: pembe ya faru haina mfupa ndani, imekaa juu ya mfupa wa pua wenye kukwaruza, kwa hiyo shina lake ni pana na ngozi inalizunguka. Nani angelijua hilo kwa kutazama picha ya safarini?

Mikunjo ya ngozi ndiyo inayodanganya zaidi, maana mkao na mwanga huibadilisha. Nikiuona mkunjo uleule mahali palepale katika picha za faru watatu tofauti, nauchonga. Ukiwa katika picha moja tu, nauacha hadi nipate nyingine.