Senema ya Kihindi na Sauti Zetu

Mtu akiniuliza vijana wa Unguja ya zamani walikuwa wakijifurahisha vipi, aghalabu hutarajia nimtajie ngoma, taarab na mashindano ya ngalawa. Hivyo vyote vilikuwapo. Lakini starehe iliyotukusanya sote, wa Mji Mkongwe na wa Ng'ambo, kwa bei ambayo hata mwanafunzi aliweza kuichangisha, ilikuwa ni senema, na hasa picha za Kihindi.

Jumba la kwanza la fahari, Royal, lilifunguliwa pale Vuga mwaka 1921. Aliyelichora ni J. H. Sinclair, Mwingereza ambaye majengo yake mengine bado yanaupamba mji. Baadaye likaitwa Majestic, likaungua moto katika miaka ya hamsini, likajengwa upya. Mwanzoni picha zilikuwa bubu. Mwaka 1931 India ilitoa picha yake ya kwanza yenye sauti, Alam Ara, ikiwa na nyimbo saba, na tangu hapo picha ya Kihindi isiyokuwa na nyimbo haikuhesabika kuwa ni picha. Watu wetu, waliozoea kuwa hadithi na wimbo ni ndugu, hawakuhitaji kufundishwa jambo hilo.

Sisi tulioanza kwenda katika miaka ya sabini tuliikuta desturi imekwisha kukamilika. Habari za picha mpya zilipita barazani siku mbili tatu kabla, watu wakaanza kuulizana nani atakwenda na nani. Hakuna aliyekwenda senema peke yake. Mtu wa peke yake alidhaniwa ana lake jambo. Kundi letu lilikuwa la watu watano, na kila safari hakukosekana mmoja asiyekuwa na pesa. Tiketi yake ililipwa na wale wanne, na halikusemwa neno. Picha ikiwa na sifa, walanguzi walizinunua tiketi mapema, wakasimama nje wakiziuza kwa bei waliyoitaka.

Ndani, kiti cha mtu kilieleza mfuko wake. Mbele, karibu na kiwambo, kulikuwa rahisi. Juu kwenye roshani kulikuwa ghali. Mbele ndiko kulikokuwa na kelele, na kwa maoni yangu ndiko ilikokuwa senema yenyewe. Picha iliyopendwa ilirudiwa mara nyingi, kwa hivyo waliokwisha kuiona walimtahadharisha steringi kwa sauti kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Wimbo ukianza, safu za mbele ziliimba, kisha za kati, na kabla ya ubeti wa pili hata wa roshani walikuwa wakitingisha vichwa. Tuliimba maneno ambayo wengi wetu hatukuyafahamu hata moja.

Wako waliotucheka kwa hilo, na wako waliotukasirikia, wakisema huo ni ukasuku na kutukuza utamaduni wa watu wengine. Mimi sikubaliani nao. Kwanza, hata Raj Kapoor, aliyewaliza watu katika Awaara ya mwaka 1951, hakuwa akiimba mwenyewe. Alifungua mdomo tu, na sauti ilikuwa ya Mukesh. Kama steringi aliruhusiwa kuazima sauti, sisi tulikosa nini kuazima maneno? Pili, tuliyoyaazima tuliyafanyia kazi. Taarab ya pwani ilizichukua sauti za nyimbo hizo ikazitilia mashairi ya Kiswahili, na Juma Bhalo wa Mombasa alijenga jina lake humo. Msikilizaji aliyeujua wimbo senemani aliujua tena harusini, na mara hii maana yake ilimpata.

Mama zetu nao walikuwa na maonyesho yao, mchana, ambayo wanaume hawakuingia. Sijui kama waliipenda picha kuliko safari yenyewe. Walitoka kwa makundi, jirani akimpitia jirani, wakapata saa tatu za kukaa mjini pasipo mtu wa kuwauliza kitu.

Onyesho la usiku likimalizika tuliteremka Forodhani, kwenye bustani iliyotengenezwa mwaka 1936 kwa jubilei ya Sultani Khalifa bin Haroub. Hapo kwenye urojo na mishikaki ndipo picha ilipochambuliwa. Ubishi uliodumu kuliko wote ulikuwa wa Mother India, picha ya mwaka 1957, ambamo mama anampiga risasi mwanawe mwenyewe ili asimteke bibi harusi. Je, mama ana haki hiyo? Watatu walisema hana. Mmoja wetu, aliyelelewa na mama peke yake, alisema anayo, tena alisema kwa namna iliyotufanya tuangalie mabakuli yetu.

Mapinduzi ya 1964 yaliyapitisha majumba ya senema mikononi mwa serikali, na katika miaka iliyofuata Wahindi wengi waliondoka Zanzibar. Jambo hili hunishughulisha kila nikilifikiri. Mtaa ulipungukiwa na watu waliokuwa wakiifahamu lugha ya nyimbo, lakini nyimbo zilibaki, zikiimbwa kwa nguvu na watu wasioifahamu. Wengine katika sisi tulikuwa na jirani aliyeondoka, na wimbo fulani ukipigwa tulikumbuka dirisha lake.

Televisheni ya Zanzibar, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya sabini, tena ya rangi wakati Bara ilisubiri hadi 1994, haikuiua senema papo hapo, kwa kuwa seti zilikuwa chache. Kilichoiua ni kanda za video za miaka ya themanini. Picha zikahamia sebuleni, na sebuleni mtu haimbi na watu mia tano. Majumba yakafungwa moja baada ya moja, Majestic nayo ikafungwa. Tangu 1998 tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likionesha picha Ngome Kongwe chini ya nyota, na watazamaji wake hukaa kimya kwa adabu.

Katika wale watano tumebaki watatu. Tukikutana, mmoja huanza ubeti, wa pili huudaka, na mpaka leo hakuna anayejua tunasema nini.