Kiu ya nyumbani: kutoka Hodgson hadi busaa

Leo naweka seva kando niongee kuhusu bia. Huu ni mwaka wangu wa tatu huku Uingereza, na Wakenya tukikutana mazungumzo hayakawii kufika hapo: duka gani lina Tusker, nani anatoka Nairobi mwezi ujao, je, atakubali kubeba mbili tatu kwenye sanduku? Nikaona nichimbue historia ya kiu hii, maana si sisi tuliokuwa wa kwanza kuisikia.

Hawa wenyeji wetu waliisikia zamani. Mwishoni mwa karne ya 18, Waingereza waliokuwa India kwa kazi za East India Company walitaka bia ya kwao, na kuitengeneza kule kwenye joto ilikuwa shida. George Hodgson alikuwa na kiwanda mtaa wa Bow, mashariki mwa London, karibu na gati za meli za kampuni hiyo. Manahodha walichukua bia yake kwa mkopo wa muda mrefu, wakazunguka ncha ya kusini ya Afrika, wakavuka ikweta mara mbili, na baada ya miezi kadhaa wakaiuza Calcutta na Bombay. Mwaka 1822 Samuel Allsopp wa Burton upon Trent akaingia soko hilo. Maji ya Burton yana jasi nyingi, na yalifaa sana kwa bia ya rangi hafifu yenye uchungu. Bia ya aina hiyo ndiyo baadaye ikaitwa India Pale Ale, au IPA.

Utaambiwa IPA ilibuniwa kwa sababu bia nyingine zote zilikuwa zikiharibika njiani. Msiamini. Porter, bia nyeusi ya London, nayo ilisafiri hadi India na kufika salama. Hodgson alishinda kwa sababu alikuwa karibu na bandari na alikopesha vizuri. Sisi watu wa kompyuta tunaijua hadithi hiyo: mara nyingi programu inayoshinda si iliyo bora, ni ile iliyokuja tayari ndani ya mashine.

Kiu hiyo hiyo ndiyo iliyofika kwetu. Mwaka 1922 ndugu wawili, George na Charles Hurst, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Kenya Breweries pale Ruaraka. Wateja wao walikuwa walowezi. Mwaka uliofuata George akauawa na tembo akiwa mawindoni, na jina la Tusker likatokana na tembo huyo. Kwa hivyo hii bia tunayoililia huku ughaibuni ilianza kama dawa ya hamu ya mtu mwingine, mzungu aliyekuwa mbali na kwao. Mwafrika hakuruhusiwa kuinunua bia ya chupa hadi 1947.

Na bia yake mwenyewe je? Mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakuu wa mji wa Nairobi walifungua ukumbi wa pombe Pumwani, wakifuata mfano wa Durban. Pombe ya Kiafrika ikawa ya kuuzwa na serikali ya mji peke yake, na faida ikatumika kugharamia huduma za Waafrika. Maana yake, Mwafrika alilipia huduma zake kwa kunywa. Mama aliyepika busaa chumbani kwake akauza alikuwa mhalifu.

Baada ya uhuru tungetarajia mabadiliko. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 vilabu vya busaa vilipigwa marufuku, na mwaka 1980 ikaja sheria ya kupiga marufuku chang'aa, iliyodumu hadi 2010. Walioumia zaidi ni akina mama wapishi, ambao wengi walisomesha watoto kwa kazi hiyo.

Sasa angalia ufundi wenyewe. Unga wa mahindi unalowekwa uchachuke siku kadhaa, unakaangwa kwenye bati hadi ugeuke rangi, unarudishwa majini pamoja na wimbi lililooteshwa na kusagwa, kisha unachujwa. Muratina nayo hutumia asali au miwa, na lile tunda kavu linalobeba chachu. Ukimaliza unalianika, na pombe ijayo linaianzisha tena. Ni kama nakala unayohifadhi ili kesho usianze upya.

Huku wenzetu wanalipa pesa nyingi kwa bia ya kiwanda kidogo, isiyochujwa sana, yenye chachu hai, kila pipa na ladha yake. Jamani, hiyo si busaa? Tofauti ni kwamba chachu ya busaa inaendelea kufanya kazi, na baada ya siku chache imeshachacha kupita kiasi. Haiwezi kukaa kwenye sanduku hadi Heathrow. Tusker imewekwa kwenye chupa ikatulia, ndiyo maana inafika.

Mimi Tusker nitaendelea kuinywa. Ila naona chupa inaweza kununuliwa popote mfanyabiashara akipenda kuileta. Busaa itafika huku kwa njia moja tu, ndani ya kichwa cha mtu anayejua kuipika. Na wanaojua wanazeeka, baada ya miaka mingi ya kujificha polisi. Kazi isiyo na maelezo yaliyoandikwa hupotea mwenyewe akiondoka, nyinyi mnaoandika programu mnalijua hilo.

Basi ombi langu: ukipiga simu nyumbani wikendi hii, muulize nyanya vipimo. Unga kiasi gani, wimbi kiasi gani, siku ngapi. Andika. Ukipata, niandikie hapa chini, hata kama ni ya kijiji kimoja tu. Nitaijaribu jikoni kwangu na kuwaletea matokeo.